Kuchomoa Bastola Iliyofichwa Chini ya Shati kwa Kupimwa na Saa: Mwongozo kwa Mwenye Kibali

Mwenye kubeba bastola kwa kibali hapa Malindi aghalabu huivaa kiunoni chini ya shati la kuachwa nje, na miezi hupita asipate sababu ya kuigusa isipokuwa asubuhi anapoivaa na usiku anapoivua. Ustadi wa kuichomoa haujengwi na kubeba. Hujengwa na mazoezi ya makusudi, tena mengi yake nyumbani bila risasi hata moja, na maendeleo yake hujulikana kwa saa tu, kwa maana jicho na moyo wa mtu humdanganya kila siku kwamba amekuwa mwepesi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambaye ameshafundishwa kushika bastola, kuipakia, kuipakua na kulenga. Asiyefundishwa aanze kwa mwalimu uwanjani, kwa kuwa kasi inayoongezwa juu ya mishiko mibovu huzaa ajali, haizai ustadi. Nimeandika kwa kumfikiria anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto abadilishe pande.

Jambo ninalotaka msomaji alishike kabla ya mengine ni kwamba muda mwingi hupotea kwenye nguo na kwenye kuukamata mpini, wala haupotei kwenye kunyoosha mikono. Wanaojizoeza peke yao huanza kwa kuisukuma bastola mbele kwa nguvu zote, ilhali shati limeshawala nusu ya muda wao kabla bastola haijatoka.

Kwa nini sekunde moja na nusu

Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, aitwaye Dennis Tueller, aliandika kuhusu majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliye umbali wa futi 21, yaani mita 6.4 hivi, huweza kukufikia na kisu kwa takriban sekunde moja na nusu. Tangu hapo sekunde 1.5 kutoka mlio wa saa hadi risasi ya kwanza kwenye shabaha iliyo mita saba imekuwa kipimo kinachotajwa sana na walimu. Katika vichochoro vya mji wetu wa kale, upande wa Shela, mita saba ni anasa. Mtu hutokea pembeni akiwa hatua mbili tu, na hapo kuchomoa peke yake hakutoshi, ni lazima uhame uliposimama huku mkono ukifanya kazi. Kwa hiyo hatua moja ya kwenda ubavuni iwe sehemu ya mazoezi mara tu mwendo wa mikono utakapotulia.

Ili msomaji ajue anasimama wapi, anayeanza huchukua sekunde 2.5 hadi 3 akiwa amevaa shati juu ya bastola. Sekunde 2 zenye risasi ndani ya shabaha ni daraja la kuheshimika, 1.5 ni la mtu aliyejituma, na wanaokaribia sekunde moja ni washindani ambao hufanya mazoezi takriban kila siku. Katika hesabu hiyo, karibu robo ya sekunde ni ya masikio na ubongo kuitikia mlio, na hiyo haipungui sana hata ukifanya nini.

Shati, mkanda na holsta

Anza na mkanda. Mkanda mlaini hukunjika bastola inapovutwa, holsta, yaani ala ya kuvalia bastola, ikapanda nayo, na mkono ukabaki unavuta mkanda pamoja na suruali. Tafuta mkanda mgumu wa ngozi ya tabaka mbili au wa nailoni yenye uti ndani, na holsta iliyoumbwa kwa aina ya bastola yako hasa, inayofunika kifyatulio chote na ambayo mdomo wake haujifungi bastola ikitoka. Zile holsta laini za kitambaa zinazotoshea kila bastola sizipendekezi hata kidogo, kwa sababu huweza kukunjamana zikaingia ndani ya pete ya kifyatulio. Mahali pa kuvaa ni nyongani, nyuma kidogo ya mshono wa suruali, na anayejifunza asihamehame: kila unapobadilisha mahali, mkono huanza kujifunza upya.

Kanzu niiseme mapema. Bastola iliyovaliwa chini ya kanzu iliyofungwa hadi miguuni haichomoki kwa muda wowote unaoweza kupimwa, na kikoi hakina uwezo wa kubeba holsta hata kikikazwa vipi. Anayekwenda msikitini au harusini kwa kanzu na ana haja ya kuwa na silaha avae suruali na mkanda ndani, na hata hivyo ajue kwamba amebeba kitu atakachokifikia polepole. Mimi huona ni bora kuiacha kwenye sefu siku hiyo. Koti linalovaliwa juu ya shati na suruali ni habari nyingine, kwani lina uwazi mbele.

Kwa siku za kawaida, shati la mikono mifupi lililokatwa sawa chini, kubwa kwa saizi moja, linatosha. Pamba nyepesi hushikamana na mwili kwa jasho la kaskazi na huonyesha umbo la mpini. Kitambaa kizito kidogo, hata cha kitenge chenye maua mengi, huficha vizuri zaidi na huinuka kwa wepesi. Wakati wa kusi upepo wa pwani hulipeperusha shati na kuianika bastola mbele ya watu, basi mpelekee fundi cherehani akunje pindo mara mbili upande wa kulia. Uzito huo mdogo hulituliza shati, na unapolishika pindo unene wake huujulisha mkono kwamba umepata mahali sahihi bila kutazama.

Kutayarisha chumba

Hapa hakuna njia ya mkato. Ajali nyingi za mazoezi ya nyumbani hutokea kwa bastola ambayo mwenyewe aliamini ni tupu.

Chagua chumba kimoja na ukuta mmoja. Usiuamini ukuta kwa kuutazama, kwani matofali yenye uwazi ndani hayazuii risasi, na nyumba zetu zimesongamana kiasi kwamba nyuma ya ukuta wako ni kitanda cha jirani. Jaza magunia ya mchanga mkavu, yapange mpaka kina cha mchanga kifikie nusu mita, kisha bandika shabaha yako mbele ya magunia hayo na usielekeze bastola kwingineko kwa muda wote wa mazoezi. Funga mlango, waambie wa nyumbani wasiingie, na shusha pazia: mtu apitaye nje akikuona umesimama na bastola mkononi ana haki ya kuita polisi.

Kisha toa magazini (kibebeo cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) kwanza, ndipo uvute slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, kwenda nyuma. Ukigeuza mpangilio huo, risasi moja itatoka na nyingine itaingia kutoka kwenye magazini. Shikilia slaidi ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba, yaani tundu risasi inamokaa tayari kufyatuliwa, ingiza kidole kidogo uhisi kwamba ni tupu, tazama tena. Risasi zote, zikiwamo za magazini ya akiba, zipelekwe chumba kingine, wala zisiachwe mezani. Ukiwa na risasi bandia za mazoezi, zitumie, maana huilinda sindano ya bastola, kile chuma kinachoigonga risasi. Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hustahimili kufyatuliwa tupu, lakini zile ndogo za kipimo cha .22 zisifyatuliwe hivyo kabisa.

Mwendo wenyewe, polepole

Kwa siku za mwanzo saa ikae kabatini. Simama miguu ikiwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono imening'inia, macho kwenye shabaha.

Mkono wa kushoto ukamate pindo la shati mbele tu ya bastola kwa ngumi nzima, si kwa ncha za vidole, ulipandishe moja kwa moja hadi kifuani. Wengi huliinua hadi kitovuni tu wakadhani limetosha, kisha kitambaa kikaingia kati ya kiganja na mpini, nao wakabaki wameshika shati na bastola kwa pamoja. Pandisha mpaka ngumi iguse kifua. Ikiwa umevaa koti au shati lisilofungwa vifungo, kazi hiyo ni ya mkono wa kulia: vidole viguse tumbo karibu na kitovu, vitelezee nyuma vikiambaa mwili, vilitupe pindo nyuma ya nyonga, na kiganja kitue kwenye mpini kikirudi. Funguo mbili tatu katika mfuko wa koti upande huo hulipa uzito wa kuruka na kukaa nyuma kwa muda unaohitaji.

Mshiko wa mkono wa kulia ndio kiini cha yote. Ule uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada ujikaze juu kabisa nyuma ya mpini, vidole vitatu vibane chini ya pete ya kifyatulio, na kidole cha shahada kinyooke kikiwa nje ya holsta. Mshiko huo ndio utakaofyatulia. Usipoupata ukiwa bado kwenye holsta, hutaurekebisha hewani ila kwa kupoteza karibu nusu sekunde. Ukihisi umekosea katika mazoezi, simama, rudisha mkono mahali pa kuanzia, anza upya, usijizoeze kurekebisha.

Sasa bastola ipande wima kwa kiwiko kwenda juu na nyuma, mpaka mdomo wa mtutu uwe nje ya holsta. Hapo kiwiko kishuke, na mtutu utazame shabaha ukiwa kando ya mbavu. Kuanzia hatua hiyo bastola isafiri katika mstari ulionyooka kuelekea mbele ya jicho, isizungushwe kutoka chini kwenda juu kama mtu anayerusha mshipi baharini, kwa sababu mwendo wa duara huipitisha bastola juu ya shabaha na kukulazimu kuishusha tena.

Mkono wa kushoto huliachia shati na kuupokea wa kulia kifuani. Usipite mbele ya mtutu hata siku moja. Ukae umebana kifua mpaka bastola ifike ilipo. Mikono miwili ikikutana, inyooshwe pamoja, na kilengeo cha mbele kiingie machoni mapema, bastola ikiwa bado safarini, ili ukifika mwisho wa mwendo uwe umekwisha kukiona. Kidole huingia kwenye kifyatulio mtutu ukiwa umeshaelekea shabaha na uamuzi wa kupiga umeshafanywa, si kabla. Bonyeza bila kuitikisa. Katika mazoezi ya bila risasi kilengeo hukwambia ukweli: kikiruka unapobonyeza, na risasi ingeruka.

Rudia mwendo huu kwa ulaini mpaka sehemu zake zisitenganike. Sioni haja ya kuutaja muda. Wengine huufikia kwa wiki, wengine kwa mwezi, na anayeharakisha hatua hii huirudia baadaye.

Kuingiza saa

Saa ya mazoezi ya risasi, ambayo wengi wetu huiita taima, hutoa mlio baada ya kuchelewa kwa muda usiotabirika na kunasa mshindo wa risasi kwa maikrofoni yake. Nyumbani mshindo haupo, na ule mlio mdogo wa sindano mara nyingi hausikiki kwake, hivyo utatumia kikomo cha muda: mlio wa kwanza wa kuanza, mlio wa pili wa kumaliza, na wewe ujitahidi kubonyeza kifyatulio kabla ya ule wa pili. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, na kwa mazoezi ya bila risasi zinatosha kabisa. Weka ucheleweshaji wa kubahatisha, kwani mtu akijua mlio utakuja lini huanza kuondoka mapema na kujipongeza bure.

Anza na kikomo cha sekunde 3. Ukichomoa mara kumi, nane kati ya hizo kumi zikawa safi, kwa maana kwamba mshiko ulikuwa wa kweli, kilengeo kilionekana na hakikuruka, punguza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Zikipungua nane, rudi nyuma. Uamuzi wa kilicho safi ni wako mwenyewe, na hapo ndipo unyofu hujaribiwa, maana hakuna tundu kwenye karatasi la kukusuta.

Utafika mahali ambapo muda hauteremki tena, mara nyingi karibu na sekunde 2. Usiendelee kuuchapa mwendo mzima. Ukate vipande. Weka kikomo cha sekunde 1.0 na ufanye nusu ya kwanza tu: mlio, shati juu, mshiko kamili kwenye mpini, basi, bila kuchomoa. Shusha hadi 0.8, kisha 0.7. Wengi hugundua hapa kwamba kipande hiki peke yake kilikuwa kikiwala zaidi ya sekunde moja. Baadaye anza mkono ukiwa tayari kwenye mpini, shati limeinuliwa, ufanye nusu ya pili kwa kikomo cha 1.0 na kushuka. Ukiviunganisha vipande viwili, mwendo mzima huwa umepungua bila wewe kujisikia unakimbia.

Siku moja moja weka kikomo usichokiweza, tuseme 1.3 wakati kiwango chako ni 1.7, ufanye mara chache tu kwa nia ya kuona ni nini kinachovunjika kwanza. Kikivunjika kila mara kwenye shati, unajua kazi ya wiki ijayo. Kisha umalizie kwa mwendo safi wa kiwango chako, mkono ulale na kumbukumbu njema.

Kipindi cha dakika kumi au kumi na tano kinazidi faida kile cha saa nzima. Ukichoka mikono huanza kuokota mazoea mabaya. Daftari la shule linatosha kwa kumbukumbu: tarehe, nguo uliyovaa, kikomo, safi ngapi kati ya kumi. Nguo iandikwe bila kukosa, kwani tofauti ya shati jepesi na koti hufika sehemu mbili au tatu za kumi, na bila kuiandika utadhani umerudi nyuma.

Kurudisha kwenye holsta

Saa haipimi kurudisha, na hakuna anayekukimbiza. Bastola irudi kifuani, kidole nje ya pete, tazama kulia na kushoto, kisha ngumi ya kushoto iliinue shati hadi kifuani na ibaki hapo. Inama kidogo upande wa kushoto ili nyonga itoke, tazama mdomo wa holsta kwa macho yako, na uingize polepole. Ukihisi kitu kinazuia, usisukume, toa, tazama. Pindo la shati, uzi wa kufungia suruali ya mazoezi au kipande cha kitambaa kikiingia kwenye pete, huweza kuvuta kifyatulio kwa niaba ya kidole, na mtutu wakati huo unatazama paja lako.

Kipindi kikiisha, sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, ondoa shabaha kwenye magunia, ondoka chumbani. Bastola ipakiwe baada ya muda, na ikishapakiwa isichomolewe tena usiku huo. Ile hamu ya kufanya mara moja tu ya mwisho, baada ya risasi kurudi ndani, ndiyo iliyotoboa kuta na televisheni za watu waangalifu.

Uwanjani

Mazoezi ya risasi yafanyike kwenye uwanja ulioidhinishwa na chini ya msimamizi, naye umwulize kwanza kama kuchomoa kutoka chini ya nguo kunaruhusiwa, maana si kila uwanja unakubali. Ukiruhusiwa, anza mita tatu na shabaha ya upana wa kisahani, sentimita 20, ukipiga risasi moja tu kila unapochomoa. Usishangae muda ukipanda kwa sehemu mbili au tatu za kumi kuliko nyumbani. Mshindo na msukumo wa bastola hukumbusha mwili kwamba jambo ni la kweli. Rudi nyuma hadi mita tano, kisha saba, na kila risasi iliyo nje ya kisahani ifute muda wake, iwe ya sekunde ngapi.

Anayetaka kupimwa na wengine ana mashindano ya IDPA (International Defensive Pistol Association), mchezo ulioanzishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili hasa ya bastola zinazobebwa chini ya nguo, na ambao nchini Kenya huchezwa Kirigiti, Kiambu. Alama zake huelimisha. Muda wako huongezwa sekunde moja kwa kila pointi uliyopoteza, na risasi iliyokosa shabaha kabisa hupoteza pointi tano. Aliyeokoa sehemu mbili za kumi kwa kuharakisha shati akakosa shabaha amelipa sekunde tano. Washindani wengi huvaa kizibao chepesi kisicho na mikono, ambacho hufunguka kwa mkono mmoja. Ni halali mchezoni, lakini mwenye kuvaa shati la kufungwa kila siku asijipime kwa kizibao akadhani ule ndio muda wake wa mtaani.

Jasho, chumvi na risasi ya juu

Hewa yetu ina chumvi na bastola inayokaa mwilini hulowa. Upande wa slaidi unaogusa mbavu ndio huota kutu kwanza. Baada ya kila kipindi futa kwa kitambaa kikavu, kisha chenye mafuta kidogo; holsta ya ngozi ikaushwe kivulini na isitumike kuhifadhia bastola, kwa sababu ngozi hutunza unyevu. Changarawe na vumbi la mchanga wa magunia huingia kwenye magazini zinazoangushwa chini, basi tandika mkeka.

Mwisho, anayepakua na kupakia kila siku kwa ajili ya mazoezi huirudisha chembani risasi ile ile iliyo juu ya magazini, na kila slaidi inapoisukuma, kichwa chake huzama kidogo ndani ya ganda. Risasi iliyozama huweza kuleta shinikizo la hatari inapofyatuliwa. Kila wiki isimamishe mezani pembeni ya risasi mpya ya aina ile ile, linganisha urefu, na ikiwa imepungua hata kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, usiipakie tena. Itenge, na ukienda uwanjani umkabidhi msimamizi.